Kutoka kwenye karatasi hadi hospitali na anga za juu: maswali mnayoniuliza sana kuhusu kukunja

Kwa wale wapya, mimi nafundisha hesabu sekondari na kila Ijumaa jioni nakaa barazani na watoto wa mtaa wetu tunakunja karatasi. Nikiposti picha tu inbox inajaa, na maswali mengi ni yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa sehemu moja.

Mwalimu, hiyo origami si ndo yale mandege ya karatasi tuliyokuwa tunarusha darasani?

Ndo hayohayo ila safari yake ni ndefu kuliko unavyofikiri. Origami ni neno la Kijapani, ori ni kukunja, kami ni karatasi, na wale wanaoshika sheria kabisa hawakati wala hawagundishi, ni karatasi moja na vidole vyako basi. Watu wengi hawajui kwamba kuanzia miaka ya 1970 hivi kukunja kumekuwa utafiti kamili wa vyuo vikuu, utakuta injinia, mwanahisabati, daktari na msanii wamekaa meza moja wanagombania karatasi moja, na kila mmoja anamhitaji mwenzake kwelikweli. Hilo ndo linalonifanya niandike haya yote.

Watu wenye maabara za mabilioni wanahangaika na karatasi ya nini?

Kwa sababu wana shida ya mtu anayefunga begi la safari, kitu kikubwa nafasi ndogo, halafu juu yake wana shida nyingine kubwa zaidi, kule kinakoenda hicho kitu hakuna mtu wa kukifungua. Ukirusha paneli za sola kwenye roketi huwezi kumtuma fundi akazitandaze, na ukiingiza kifaa kwenye mshipa wa damu huwezi kuingiza mkono. Kitu lazima kiingie kimekunjwa, kifike, kijifungue chenyewe, kwa mpangilio, bila kukwama hata sehemu moja.

Mjapani mmoja injinia wa vyombo vya anga, Koryo Miura, alipata mkunjo wa kutandaza eneo kubwa kwa kuvuta mara moja tu, na mwaka 1995 mkunjo wake ukarushwa angani kwenye chombo cha Japani kiitwacho Space Flyer Unit, ukatandazwa hukohuko juu, na Januari 1996 chombo kikachukuliwa na kurudishwa duniani. Baadaye watu wa Chuo Kikuu cha Brigham Young kule Utah pamoja na wenzao wa NASA wakachora paneli ya sola ambayo ikikunjwa ina upana wa mita 2.7 na ikifunguka inafika mita 25. Hata darubini ya James Webb iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 ilipanda imekunjwa, kioo chake cha mita 6.5 kisingeenea kwenye pua ya roketi, na lile pazia lake la kukinga jua lina ukubwa wa uwanja wa tenisi.

Nielekeze huo mkunjo wa Miura nijaribu nyumbani.

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote. Chukua karatasi ya A4, hata kama imeandikwa upande mmoja. Ikunje kwa urefu iwe mikanda 5 inayolingana, mmoja mbele mmoja nyuma, kama vile unatengeneza cha kujipepea joto. Sasa mkononi una ukanda mmoja mwembamba mrefu. Huo ukanda ukunje tena mbele nyuma mbele nyuma mara 6 hivi, ila usiukunje wima, ulaze kidogo, kiasi cha mshale wa dakika ukitoka kwenye 12 ukasogea dakika moja, ili kipande cha kwanza na cha tatu na cha tano vilale sambamba, na cha pili na cha nne na cha sita navyo sambamba.

Fungua yote. Utaona mistari iliyonyooka imekatwa na mistari ya zigizaga. Hapa inataka subira: kila mstari wa zigizaga uufanye wote mlima au wote bonde, ukipishana na jirani yake, ile iliyonyooka itajipanga yenyewe ikibadilika mlima bonde mlima bonde. Kusanya taratibu kwa vidole vya mikono miwili, usilazimishe, kuna mahali itakubali ghafla na utasikia mkononi kabisa. Ikishakubali shika kona mbili zilizopishana kwa mshazari, vuta, yote inafunguka kwa pamoja. Sukuma, yote inajifunga. Kuna mtoto wa darasa la nne barazani kwetu alivuta na kusukuma yake robo saa nzima hajasema neno, na nikamwacha, maana alikuwa anashika kwa mikono sababu ya mainjinia kuupenda huu mkunjo, yaani hauhitaji mota kila kona, ukivuta sehemu moja nyingine zote zinafuata.

Sasa hesabu iko wapi hapo?

Iko kwenye hiyohiyo karatasi uliyoikunja. Tafuta sehemu moja katikati mistari inapokutana, hesabu mistari iliyoinuka (mlima) na iliyozama (bonde). Utapata 3 za aina moja na 1 ya aina nyingine, tofauti ni 2. Nenda sehemu nyingine, tofauti 2 tena. Karatasi yoyote duniani iliyokunjwa ikalala bapa, ndege, boti, korongo, ukiifungua na kuangalia sehemu yoyote ya ndani ambako mistari inakutana tofauti ya mlima na bonde ni 2 siku zote. Hiyo inaitwa kanuni ya Maekawa. Na ukizikata zile pembe kuzunguka hapo ukachukua moja ukaruka moja ukajumlisha unapata nyuzi 180 kamili, hiyo ni ya Kawasaki. Nimeona form two waliokuwa hawataki kusikia neno pembe wakigombania protrakta kwa ajili ya hili.

Halafu kuna Robert Lang, mwanafizikia aliyewahi kufanya kazi kwenye maabara ya NASA ya JPL, mwaka 2001 akaacha kazi za maabara akawa msanii wa kukunja wa muda wote. Yeye alitengeneza programu ya kompyuta inaitwa TreeMaker, unachora mdudu kwa vijiti tu, miguu 6 na vipapasio 2, yenyewe inakupa ramani ya mistari ya kukunja. Siri yake ni kwamba kila mguu unadai duara lake la karatasi, mguu mrefu duara kubwa, kwa hiyo kumkunja mdudu ni sawa na kupanga maduara kwenye mraba yasikanyagane. Maarifa hayohayo ya msanii ndo maabara ya Lawrence Livermore ya Marekani iliyatumia ilipotaka lenzi ya darubini ya anga inayokunjika, wakajenga mfano wa mita 5.

Kwenye matibabu kumefanyika nini hasa? Nataka vitu vya kweli siyo ndoto.

Nakuheshimu kwa kuuliza hivyo. Naanza na stenti, ile neli inayowekwa ndani ya mshipa wa damu kuushikilia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 pale Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, Zhong You na Kaori Kuribayashi walitengeneza neli iliyokunjwa kwa mkunjo ule watoto wanaoutumia kutengeneza boksi la kujaza maji na kurushiana, wakatumia bati jembamba la nikeli na titani ambalo lina tabia ya kukumbuka umbo lake. Inaingia nyembamba, ikifika inatanuka yenyewe. Angalia hapo, mchezo wa maji wa watoto, elimu ya metali na mshipa wa damu vimekutana kwenye kitu kimoja.

Pale Brigham Young wamechukua mikunjo kutengeneza vikoleo vidogo mno vya upasuaji wa matundu. Vifaa vya kawaida vina pini na bawaba nyingi, na kila pini ikipunguzwa inafika mahali haiwezi kupungua tena, ila mkunjo hauna pini, kiungo na mfupa ni kitu kimoja. Tundu likipungua kidonda nacho kinapungua, na aliyewahi kumuuguza mtu baada ya operesheni anajua uzito wa jambo hilo.

Niliona video ya roboti la kumeza kama kidonge. Lipo hospitali?

Hapana, hilo ni la utafiti. Mwaka 2016 watu wa chuo cha MIT kule Marekani wakishirikiana na wenzao wa Sheffield na Tokyo walilitengeneza kwa utumbo wa nguruwe uliokaushwa, ule unaovalishwa soseji, wakalikunja ndani ya kidonge cha barafu. Barafu ikiyeyuka roboti linafunguka, na unaliendesha kwa sumaku ukiwa nje ya mwili. Walilijaribu kwenye tumbo la bandia la silikoni, na badala ya tindikali ya tumbo wakaweka maji na ndimu.

Kazi waliyolipangia ni kutoa betri za kibonye ambazo watoto wanameza, Marekani peke yake inaripotiwa kesi kama 3,500 kwa mwaka. Na hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo. Hizo betri bapa za saa na rimoti zikikwama kooni zinaanza kuunguza nyama ndani ya masaa machache tu. Mtoto akimeza usingoje itoke yenyewe, kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Foldscope ni nini na je ni hadubini kweli?

Ni hadubini kweli. Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani na mwanafunzi wake Jim Cybulski walichapisha utafiti wake mwaka 2014. Unapewa karatasi ngumu isiyoingia maji, imechorwa na kutobolewa tayari, unabandua vipande, unakunja, unachomeka kipira cha kioo kidogo kuliko punje ya mtama ambacho ndo lenzi, basi umeshapata hadubini. Vipuri vyake vilikadiriwa chini ya dola 1. Unaweza kuikanyaga ukaiokota ukaendelea kuitumia. Kuona vizuri unasukuma ulimi wa karatasi kwa kidole gumba, karatasi inapinda kidogo, lenzi inasogea karibu au mbali. Wazo la kipira kimoja cha kioo ni la zamani, van Leeuwenhoek wa Uholanzi aliona vijidudu kwa lenzi moja tu katika karne ya 17, wao wamelipa mwili wa karatasi.

Zimeshatawanywa zaidi ya milioni 1 duniani. Ila nisikudanganye, ile ya kawaida inakuza mara 140, inakutosha kuona viumbe wa kwenye maji ya dimbwi, unga wa maua, miguu ya chawa. Kupima ugonjwa ni habari nyingine. Waliijaribu Ghana kutafuta mayai ya kichocho kwenye mkojo, ikakamata zaidi kidogo ya nusu tu ya wagonjwa, wengine ikawapitisha. Kwa maana hiyo usimwambie mtu wa maabara aiweke pembeni mashine yake. Mimi thamani kubwa ya Foldscope naiona kwa mtoto, anayeona tone la maji ya kisima limejaa viumbe wanaoogelea, hatahitaji kuhubiriwa mara ya pili kuchemsha maji.

Na ile karatasi inayozunguka kupima damu?

Hii ni ya Prakash huyohuyo, na chanzo chake kiko huku kwetu. Mwaka 2013 alikuwa Uganda, akatembelea vituo vya afya, akakuta sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha damu, imewekwa mlangoni kuzuia mlango usijifunge. Umeme hakuna, mashine ya pesa nyingi imekuwa jiwe la mlango. Mimi nikiisoma hiyo habari siwezi kucheka, maana wengi wetu tumeshaona mashine iliyofunikwa kitambaa kwenye kona ya zahanati inasubiri umeme au fundi au kipuri.

Akarudi na swali, kitu gani kinazunguka kwa kasi sana bila umeme? Wakajaribu yoyo na michezo mingine, mwisho wakafika kwenye ule mchezo ambao nina hakika uliucheza. Unaponda kizibo cha soda kwa jiwe kinakuwa bapa, unatoboa matundu mawili kwa msumari, unapitisha uzi, unafunga ncha, unazungusha uzi ukasokotwa halafu unavuta na kulegeza, vuta legeza, na kizibo kinalia vuuu vuuu mpaka mama anapiga kelele usije ukakata mtu. Ndo huo. Mtafiti wa maabara yake Saad Bhamla na wenzake wakakaa wakauandikia hesabu mchezo huo, uzi unavyojisokota mpaka unajisokota juu ya kujisokota, na walipojua ukubwa sahihi wa duara na uzi wakafikia mizunguko 125,000 kwa dakika, kwa mikono mitupu.

Wakatengeneza cha karatasi, duara mbili, uzi, vishikio viwili, na damu inakaa kwenye kijineli chembamba kilichozibwa ndani ya kipande cha mrija wa soda. Kina gramu 2 na gharama yake kama senti 20 za dola. Dakika moja na nusu ya kuvuta na kulegeza damu imeshagawanyika, chembe nyekundu chini, maji ya njano juu, kwa hiyo unaona kama mtu amepungukiwa damu. Ukiendelea dakika 15 unaweza kutenga vimelea vya malaria ili vionekane kwenye hadubini. Waliitangaza Januari 2017 na majaribio ya nje ya maabara wakayafanya Madagascar. Kitaalamu hicho siyo mkunjo, ni duara la karatasi, ila nimekiweka hapa kwa sababu kimetoka palepale, kwa mtu aliyeuheshimu mchezo wa mtoto akaupeleka maabara. Watoto wetu walikuwa na hiyo sayansi kwenye vidole muda wote na hakuna aliyewaambia.

Nimesikia hata DNA inakunjwa. Inawezekanaje?

Mwaka 2006 Paul Rothemund wa chuo cha Caltech kule Marekani alichukua uzi mmoja mrefu wa DNA ya virusi, una herufi 7,000 na ushee, akaongeza vijiuzi vifupi zaidi ya 200 vinavyofanya kazi ya pini za stepla, kila kimoja kinashika sehemu mbili za uzi mrefu na kuzivuta pamoja. Unachanganya kwenye maji ya chumvi, unapasha moto, unaacha ipoe taratibu, inajikunja yenyewe. Alichora nyuso zinazotabasamu, kila moja upana wake nanomita 100 hivi, na kwenye tone moja zilikuwepo mabilioni. Sasa hivi watafiti wanajaribu kutengeneza visanduku vya namna hiyo vya kubebea dawa mpaka kwenye chembe ya ugonjwa, na huo bado ni utafiti.

Hii ni sanaa au sayansi? Chagua moja.

Sichagui. Akira Yoshizawa, aliyezaliwa 1911, alikuwa kijana wa kiwandani akitumia mikunjo kuwaeleza wenzake jiometria, akaishia kuwa msanii mkubwa wa origami, na alama zake za mishale na vidoti ndo zinazotumika kuandika mikunjo mpaka leo, bila lugha hiyo hakuna injinia angesoma kazi ya msanii. Halafu muangalie Erik Demaine, profesa wa MIT tangu akiwa na miaka 20, anafanya utafiti na baba yake Martin ambaye ni msanii wa kioo, na kazi zao za karatasi zenye mikunjo ya mviringo zipo jumba la sanaa la MoMA pale New York. Mtu na baba yake! Erik na wenzake walithibitisha kwamba umbo lolote la mistari iliyonyooka unaweza kulitoa kwa mkato mmoja tu wa mkasi, mradi umekunja karatasi inavyotakiwa. Nyota, herufi, samaki, chochote, mkato mmoja.

Mbona tunaiga ya Wajapani, sisi hatuna ya kwetu?

Nani kakwambia hatuna. Muangalie mama anayefunga sambusa, ukanda wa manda unakunjwa pembetatu juu ya pembetatu mpaka mfuko unajifunga wenyewe na nyama haitoki, ukiufungua ule ukanda ni mkunjo wa kijiometria safi kabisa. Muangalie muuza karanga anavyosokota gazeti likawa koni na chini halivuji hata punje. Hata mbawakawa ana mabawa marefu kuliko ganda lake na anayakunja chini yake bila mikono. Tofauti ni kwamba wenzetu walikaa chini wakaandika na wakapima. Natamani sana siku moja mwanafunzi wa huku aandike utafiti wake kuhusu manda.

Ni kweli karatasi haikunjiki zaidi ya mara 7?

Siyo kweli. Januari 2002 mwanafunzi wa sekondari kule California, Britney Gallivan, alikunja mara 12, alitumia karatasi ya chooni yenye urefu wa kama kilomita 1.2 na kabla ya hapo alitafuta fomula mwenyewe ya kujua urefu gani unahitajika.

Mwanangu yuko form two anakunja usiku na mchana. Asome nini?

Shikamoo mama, nimekusoma. Usimnyang'anye karatasi. Ashike hesabu hasa jiometria, fizikia, na baiolojia kama moyo wake uko kwenye tiba, na kama shuleni kwao kuna somo la kuchora alichukue pia, asiambiwe ni la waliofeli. Huko mbele inaweza kuwa uinjinia wa mitambo, uinjinia wa vifaa tiba, hesabu au usanifu. Kiingereza chake kikikaa sawa madarasa ya Demaine kuhusu kukunja yako bure mtandaoni, video zote. Na amuulize mtu wa zahanati kitu gani kinamsumbua kila siku, nina imani utafiti mzuri atauanzia hapo.

Natumia karatasi gani?

Yoyote. Za fotokopi zilizoharibika, magazeti, za rangi kama unazo. Manila ni ngumu mno kwa kuanzia.

Mkunjo umenigomea katikati, nifanyeje?

Usiubane kwa nguvu, karatasi itachanika palepale pembeni ya kona. Fungua mpaka mwisho, ilaze mezani karibu na dirisha ili mwanga uje kwa upande, tafuta sehemu mistari inapokutana pale ilipogoma, hesabu milima, hesabu mabonde. Kama tofauti siyo 2 kuna mstari umeukunja kinyume. Ugeuze huo, halafu kusanya tena taratibu.